Yah: Malalamiko kuhusu redio za upepo mlizotuuzia kuwa ni za siri za jeshi la majini

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Boti zetu hupeleka mabaharia, vipuri na vyakula kwenye meli zilizotia nanga nje ya bandari, na hatupendi kila mwenye redio ajue boti ipi imebeba nini. Ndiyo maana tulinunua kwenu redio sita za mkononi zilizonadiwa kuwa "za siri, daraja la jeshi la majini, haziingii maji". Kijana wenu wa mauzo alilitaja jeshi kila alipovuta pumzi. Tulipoona ankara tukaelewa sababu.

Zito kuliko yote ni chaneli 16. Kitufe cha siri kikiwashwa, redio inavuruga sauti kwenye chaneli zote, hata hiyo. Chaneli 16, megahezi 156.8, ni ya wito na dhiki duniani kote. Meli na vituo vya uokoaji husikiliza hapo. Nahodha wetu alijaribu redio hapo akiwa mkabala na Magogoni, na boti ya pili ikasikia mlio kama wa bata. Angekuwa anazama, huo ndio ungekuwa wito wake wa Mayday. Tulipompigia fundi wenu, jibu lake lilikuwa: "Mzime kitufe kwanza." Mtu boti yake inajaa maji usiku, mkono mmoja umeshika usukani, ndiyo akumbuke kitufe? Anayeijua bahari akitengeneza redio, chaneli 16 huiacha wazi hata siri ikiwa imewashwa.

Na hiyo siri yenyewe haipo. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi chumba cha mawasiliano cha meli ya kivita, hivyo siongei kwa kusikia. Siri hukaa kwenye ufunguo, yaani namba ndefu ya siri, mara nyingi ya biti 256, unaopakiwa redioni na kubadilishwa kwa ratiba. Redio moja ikipotea, zilizobaki zote hupewa ufunguo mpya. Redio zenu hazina ufunguo wowote. Zinapindua masafa ya sauti tu, ya chini yanakuwa juu na ya juu yanakuwa chini. Mpwa wangu, kwa kompyuta yake na kipokezi cha bei ndogo, aliirudisha sauti yetu ikasikika neno kwa neno kabla chai haijapoa.

Boksi linasema IPX7, yaani mita 1 ya maji kwa dakika 30. Tulitumbukiza moja kwenye ndoo, maji yakapita tundu la chaji, na haikuwaka tena. Mkaikataa waranti kwa kuwa redio "imelowa". Sentensi hiyo mliiandika wenyewe, tunayo.

Tunataka turudishiwe fedha zote. Kubadilishiwa hatutaki. Tunaomba pia nakala ya kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) cha modeli hii, ambayo hadi leo hamjatuonyesha. Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, tutalifikisha suala hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya 2003.

Wateja wengine mliowauzia redio hizi waambieni habari ya chaneli 16 leo hii, msingoje siku hizo ziishe.

Wenu,
Msimamizi wa Mawasiliano,
Kurasini, Dar es Salaam.