Simama, mgongo ukutani

Mwanangu,

Nakuandikia badala ya kukuambia kwa sababu tukianza kuongea utacheka, na mimi nikichekwa hukasirika, na sitaki uondoke Jumatatu tukiwa tumenuniana. Barua nimeificha kwenye begi, chini ya shuka. Ukiiona utakuwa umeshafika Ngara.

Jana uliniuliza, ukijifanya hujali, "Mathe, kwani hao Pokémon wako mtu huanzaje?" Miaka yote hii umekuwa ukiwaambia wageni kwamba mama yako, mtu mzima, anakimbiza vikatuni barabarani. Haya. Mchezo unaitwa Pokémon GO: unatembea na simu, wanyama wa kubuni wanajitokeza kwenye kioo, nawe unawakamata kwa kuwarushia mpira. Ulitoka Julai 2016, mimi nikauanza mwaka uliofuata, kwa hiyo leo utanisikiliza.

Kwanza, simama. Usitembee ukiangalia simu. Ukitaka kurusha mpira tafuta ukuta, uegemeze mgongo, simu uishike kwa mikono miwili karibu na kifua, urushe, uirudishe mfukoni, ndipo uendelee na safari. Mfuko wa mbele. River Road usiitoe kabisa. Jirani wa ghorofa ya pili juzi kanyang'anywa yake akiwa anaongea tu, sembuse wewe ambaye ukizama kwenye kitu hata ukiitwa chakula husikii.

Mwanzoni utaletewa watatu uchague mmoja: Bulbasaur, Charmander na Squirtle. Usimshike yeyote. Waache, tembea kidogo, watajitokeza tena, waache tena. Ukiwakwepa mara tatu nne hivi atatokea Pikachu, huyo ndiye umchukue. Mimi hakuna aliyeniambia, nikamchukua Squirtle, na mpaka leo inaniuma.

Vumbi la nyota, lile la kumwongezea mnyama nguvu, usiliguse. Najua hili hutalisikia, maana hata pesa hukai nazo. Kila unayemkamata anakupa vumbi kidogo na peremende za ukoo wake. Mtu mgeni akiona vumbi limerundikana, anamlisha yule wa kwanza aliyempata. Wiki mbili baadaye anakamata mwingine ambaye hajalishwa chochote na ana nguvu kumshinda yule, na vumbi limekwisha. Peremende ni za ukoo mmoja tu, lakini vumbi ni hilo hilo kwa wote. Ngoja angalau ufike kiwango cha 20. Waliozidi wa aina moja wapeleke kwa Profesa Willow, yule mzee wa mchezoni, kila mmoja atakurudishia peremende. Magikarp mshike kila umwonapo. Ni samaki asiye na faida yoyote, lakini ukifikisha peremende 400 anageuka Gyarados. Siku wangu alipogeuka nilipiga kelele jikoni hadi baba yako akaja na rungu.

Pidgey, yule kindege, anataka peremende 12 tu, ila usiwageuze mmoja mmoja. Wakusanye kama nguo chafu zinazongoja siku ya maji. Wakishakuwa wengi, tumia Lucky Egg, yai la bahati, ambalo kwa dakika 30 linakuongezea maradufu alama za kupanda kiwango, na uwageuze wote kwa mfululizo. Ukiwa chumbani, umenisikia? Mlango umefungwa.

Sasa kurusha. Utaona mduara wa rangi ndani ya mduara mweupe. Ukiwa wa kijani ni rahisi, ukiwa mwekundu jiandae kupoteza mipira. Uzungushe mpira kwa kidole kwanza mpaka utoe cheche, ngoja mduara usinyae, ndipo urushe ukipinda.

Ni huo mduara ulioniponza. Ile simu niliyosema ilitumbukia kwenye ndoo haikutumbukia kwenye ndoo. Nilikuwa nje ya Archives, lile jengo la nyaraka mjini, nikiungoja usinyae, kijana akapita na pikipiki, na mkono wangu ukabaki hewani umekunjika, kama mtu aliyeshika sahani. Mama mmoja muuza njugu akanipa kiti chake. Nyingine niliinunua kwa pesa za chama. Nilikuambia mwezi ule chama hakijatoa, ndiyo maana hukuenda Mombasa na wenzako wa darasa la saba. Chama kilikuwa kimetoa. Wanyama wangu niliwakuta wote, kwa sababu nilikuwa nimejiandikisha kwa barua pepe. Na wewe fanya hivyo, na nywila uiandike kwenye daftari, si ndani ya simu hiyo hiyo.

Mayai ya mchezoni huanguliwa kwa kutembea. Ya kilomita 2 yaweke kwenye ile mashine ya kuangulia isiyochakaa, na zile zinazovunjika baada ya kutumiwa mara tatu uziwekee ya kilomita 10. Gari likienda kasi hazihesabiki, lakini Jogoo Road jioni unaijua, matatu hutambaa kuliko mguu, nami nimeangua mengi humo. Tatizo ni dirisha. Usikae dirishani, na kama hakuna kiti kingine, simu ibaki mfukoni hata yai liwe limebakiza hatua kumi.

Sarafu za mchezo usinunue. Nimekupa matumizi ya mwezi, si ya wiki. Muweke mnyama wako kwenye jimu, yaani uwanja wa mapambano, ya rangi ya timu yako, kila dakika 10 anakuchumia sarafu moja, na mwisho ni 50 kwa siku hata akikaa humo wiki nzima. Utazipata akishafukuzwa, kwa hiyo usinune akifukuzwa. Zima kamera pia, inakula chaji.

Ukikutana na mmoja mrefu mwenye ndizi shingoni, huyo ni Tropius. Huku Afrika tunamwona ovyo, watu wa Marekani wanamtamani. Wabakize wawili watatu.

Wateja wote wa cherehani wanajua umeingia chuo. Mmoja kaniambia nimemwonyesha ile barua ya kuitwa mara tatu na gauni lake bado halina zipu.

Namba yangu ya urafiki ya mchezoni iko nyuma ya karatasi hii. Nitumie zawadi kila siku. Kila zawadi huja na jina na picha ya mahali ilipookotwa, labda hilo hukulijua. Sikuchungi. Ila nikiona River Road nitapiga simu, na ikilia bila kupokewa nitapanda gari nije, hata kama nimevaa kanga.

Godoro ulianike kabla ya kulilalia. Ndoo ya bluu ni ya maji ya kunywa, ya kijivu ni ya kuoga, usizichanganye, na maji yakija usiku amka uyateke, usingoje asubuhi. Mtungi wa gesi niliokupa una nusu tu, nilitaka kuujaza ikashindikana.

Blanketi la kijani ni la dada yako. Amelitafuta asubuhi nami nikanyamaza. Lirudishe ukija Jumamosi, pamoja na mkebe wa chapati na kifuniko chake.

Mama