Barua ya wazi kwa kaka yangu anayesukuma vitanda ughaibuni

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu ujumbe wangu wa sauti wa dakika saba hujausikiliza hadi leo. Jina lako silitaji. Wanaokujua watakujua, wengine wasome tu.

Mara ya mwisho ulisema, "Usimwambie mama ninachofanya." Unasukuma vitanda vya wagonjwa na kupeleka vichupa vya mikojo maabara, wewe uliyesomea maabara, uliyenifundisha mimi kushika pipeti, kile kijibomba cha kunyonyea majimaji. Vyeti vyako viko kwenye bahasha vinasubiri kutambuliwa na watu wasiojibu barua pepe. Siku ile nilinyamaza, sikuwa na la kusema. Sasa ninalo.

Juzi nilikuwa zamu ya usiku. Saa tisa wodi ya wazazi wakaleta sampuli: mama amejifungua, damu haikati. Nikatoa kigae cheupe cha kupimia kundi la damu, nikadondosha damu yake sehemu tatu. Ya kwanza nikaitilia dawa ya buluu, ya pili ya manjano, ya tatu ile isiyo na rangi. Nikakoroga kwa vijiti, kila tone na chake, nikaanza kukiyumbisha kigae polepole, maana nakumbuka ulivyonifokea: "Unapima damu, hupepeti mchele!" Tone la buluu likabaki laini. La manjano likakatika kama maziwa yaliyochacha. La tatu nalo likakatika. Kundi B chanya. Kwenye friji zilikuwemo chupa mbili za B chanya. Nikazilinganisha na damu yake, zikapatana, mhudumu akazibeba akatoka mbio kuelekea wodini. Mhudumu, kaka. Yule kijana wetu anayesukuma vitanda.

Nilipokaa chini nikamkumbuka mzee Landsteiner. Chuoni tulimsoma kwa mstari mmoja: Karl Landsteiner, 1901, makundi ya damu, fungua ukurasa unaofuata. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba yule mzee alihama nchi mara mbili kutafuta riziki.

Alizaliwa Vienna, Austria, 14 Juni 1868. Ndiyo maana Siku ya Wachangia Damu Duniani huwa tarehe hiyo, ile siku tunayogawa soda na biskuti. Baba yake, mwandishi wa habari, alifariki mtoto akiwa na miaka sita, akalelewa na mama. Mama naye alipofariki, Landsteiner alichukua sura yake iliyofinyangwa kwa plasta akaitundika ukutani, ikakaa naye maisha yake yote. (Mimi nisingelala chumba kile, lakini kila mtu na mama yake.)

Alifanya kazi na maiti kwa miaka mingi, akapasua zaidi ya 3,600. Damu nayo aliianzia palepale kazini: alitoa ya kwake na za wenzake, akatenga majimaji na seli nyekundu, akachanganya ya huyu na za yule. Nyingine zikashikana madonge, nyingine zikatulia. Kabla yake watu waliona madonge wakadhani ni dalili ya ugonjwa. Yeye akasema hapana, hawa wote ni wazima, ila damu zao hazifanani. Akataja makundi matatu, A, B na C. Hiyo C ndiyo O yetu ya leo, na AB wenzake waliipata mwaka uliofuata. Kumbuka karne ya 17 kule Ufaransa mganga aliwahi kumtilia mtu damu ya mwanakondoo!

Sasa sikiliza ninapotaka kufika. Vita Kuu ya Kwanza ikaisha, Austria imeshindwa, Vienna hakuna chakula, hakuna makaa, pesa haina thamani. Profesa ana miaka 51, ana mke na mtoto mdogo. Mwaka 1919 akafunga mizigo kwenda The Hague, Uholanzi, akapata kazi kwenye hospitali ndogo ya Wakatoliki. Kazi gani? Pamoja na kupasua maiti, kupima mikojo na damu za wagonjwa wa wodini. Mtu aliyegundua makundi ya damu, kaka, alikuwa anapokea vichupa kama hivyo unavyobeba wewe. Na mshahara haukutosha. Akashika kibarua cha pili, mahali walipotengeneza tuberkulini, ile dawa ya kupimia kifua kikuu, kama wewe na zamu zako za Jumamosi.

Najua utanijibu: yule alikuwa na jina, alikuwa Mzungu kwa Wazungu wenzake, hakuna aliyemwambia arudie mtihani. Kweli. Sikatai, wala sisemi njia zenu ni moja. Ila palepale katikati ya mikojo aliendelea kuandika makala, na alichokuwa akikichunguza ni jinsi kingamwili zinavyokitambua kitu kigeni mwilini. Mgeni anachunguza ugeni. Nilicheka peke yangu maabara, mlinzi akanichungulia.

Mwaka 1923 Taasisi ya Rockefeller ikamwita New York. Akawa raia wa Marekani 1929, Nobeli ikaja 1930. Mwaka 1940, umri wa kustaafu umeshapita, yeye na Alexander Wiener wakatangaza Rh, ile alama ya damu inayotenganisha chanya na hasi, na hilo ndilo tone langu la tatu pale kwenye kigae. Juni 1943 moyo ulimshika akiwa maabara. Siku mbili baadaye akafariki, miaka 75.

Yule mama wa wodi ya wazazi karuhusiwa jana. Mtoto ni wa kike.

Na jambo moja la mwisho, nisamehe: mama nimemwambia. Nilidhani atalia. Akauliza huko baridi ikoje, kisha akauliza kama hao wagonjwa unawasalimia kabla ya kuwasukuma. Nikamwambia unawasalimia. Mpigie Jumapili jioni umthibitishie mwenyewe, simu yake nitaiweka chaji.

Mdogo wako