Kibali kimoja kwa Ghuba ya Ungwana

Mhariri,

Mashua kadhaa za hapa Malindi tunapanga safari ya pamoja ya uvuvi hadi Kipini kaskazi hii. Barafu, mafuta, zamu za usukani, nani abebe mishipi ya nguru: hayo tuliyamaliza kwa kikao kimoja. Kinachotukwamisha ni karatasi. Ghuba ya Ungwana imegawanyika kati ya Kilifi na Tana River, na kaskazi iliyopita vijana wetu walizuiwa ng'ambo, leseni mkononi, hadi barafu ikayeyuka na kolekole wakadidimia macho. Mali yote ilitupwa!

Marekani kuna ziwa la bwawa, Texoma, lililotokana na kuzibwa kwa mto Red River. Ukuta wake ulikamilika 1944. Texas upande huu, Oklahoma upande ule, na makundi ya wavuvi hulifuata kwa ajili ya samaki waitwao kwa Kiingereza "bass". Majimbo hayo yana leseni maalumu ya ziwa hilo: ukiwa nayo, unavua pande zote mbili.

Nawaomba magavana wetu, na wa Lamu pia maana nguru hawaishii Kipini, wakae na kamati za ufuoni watupe kibali kama hicho kabla kusi haijaanza.

Nahodha wa mashua,
Malindi