Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: dawa za kukinga ubongo zituhusu na sisi

Mheshimiwa Waziri, assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Micheweni kuhusu kiharusi kile cha donge la damu kuziba mshipa wa ubongo. Dawa ya kuyeyusha donge ipo tangu miaka ya tisini, ila kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT inayoonesha ndani ya kichwa, kwani kama mshipa umepasuka dawa hiyo yaweza kuua. Kwa mtu wa shamba huku Pemba, saa hizo humalizikia njiani.

Zipo dawa za aina nyingine zinazotafutwa, za kuzifanya chembe za ubongo zilizokosa damu zistahamili mpaka damu irudi. Nyingi zimefaa kwa panya zikashindwa kwa binadamu. Mimi nimeshikilia jaribio moja la Los Angeles: wagonjwa 1,700 walianza kutibiwa ndani ya gari la wagonjwa, kabla ya picha, kundi moja likipewa magnesiamu, ile ile wanayochomwa wajawazito wetu wenye kifafa cha mimba. Matokeo ya mwaka 2015 yalionesha haikupunguza ulemavu. Lakini ilijulikana kwamba matibabu yanaweza kuanza kabla ya mlango wa hospitali, na hilo kwetu ni kubwa. Siku ikipatikana dawa inayofaa kwa njia hiyo, hata kituo cha afya cha kijijini kitaweza kuianza.

Naomba Taasisi ya Utafiti wa Afya pale Binguni itafute nafasi katika majaribio yajayo. Matayarisho yaanze kwenye faili. Ami yangu alirudi msikitini alfajiri anazungumza vizuri. Kikombe cha chai kikamponyoka, mdomo ukaenda upande. Watu wakasema kapigwa na pepo, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya, kwanza, hospitali kafika alasiri. Faili likaandikwa saa aliyofika, basi. Hakuna aliyeuliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, na dawa hizi zote hupimwa kwa saa hiyo. Agiza iulizwe na iandikwe, kuanzia vituo vya afya hadi hospitali kuu ya Mnazi Mmoja.

Na tukikubali kujaribiwa dawa, mkataba utamke mapema kwamba ikifaa itauzwa hapa kwa bei ambayo hospitali zetu za Serikali zinaimudu. Hilo lisainiwe kabla mgonjwa wa kwanza hajachomwa sindano.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi, Micheweni