Asipomaliza fomula, madini atayapata wapi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni mama, naishi huku Uingereza, mwanangu ana PKU, ugonjwa wa kurithi, walimgundua kwa kile kipimo cha damu ya kisigino ambacho watoto wachanga huku wanapimwa tangu 1969. Mwili wake hauwezi kuchakata fenilalanini, kitu kilichomo ndani ya protini, ikirundikana inaharibu ubongo, kwahiyo nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage, vyote hagusi. Sasa watu wanaongelea protini tu, lakini jamani hivyo vyakula ndo vinavyoleta seleniamu na zinki! Mtoto anabaki kutegemea fomula yake, kinywaji maalum kilichowekewa madini, na ladha yake mbaya kweli, akimwaga nusu kikombe ujue na madini yamemwagika. Seleniamu ikipungua sana inagusa hadi misuli ya moyo, zinki nayo vidonda vinachelewa kupona, hamu ya kula inakata, mtoto harefuki. Wazazi wenzangu, kliniki wakipima fenilalanini peke yake ulizieni na madini, ila msimpe vidonge vya dukani kwa kukisia maana seleniamu ikizidi ni sumu. Wangu nilichelewa kuuliza, zinki ikakutwa iko chini, iliniuma sana.

Mama wa mtoto wa PKU, Leicester