Trei za mayai hazizuii kelele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na vijana wa hapa Tanga wanaojitengenezea vibanda vya kurekodia sauti majumbani, wengine kwa ajili ya matangazo ya redio, wengine kaswida au masomo ya mtandaoni. Kazi hiyo ni ya kutiwa moyo. Ninachokipinga ni ushauri unaopokezanwa kwamba ukibandika trei za mayai na sponji ukutani, kelele za nje zitakoma.

Hazitakoma hata kidogo, kwa sababu kuzuia kelele isiingie na kutuliza mwangwi wa chumbani ni kazi mbili tofauti. Mlio wa bodaboda, au wa fundi anayekata vyuma kwa jirani, huzuiwa na uzito pamoja na kuziba penyo, na trei ya karatasi haina uzito wowote. Katika nyumba nyingi za Ngamiani na Makorora ukuta wa tofali unatosha. Sauti hupenya kwenye luva, chini ya mlango na katika uwazi ulioachwa kati ya ukuta na bati. Fedha ya sponji ingeanzia hapo. Mvua ya masika ikipiga juu ya bati, basi ni kuahirisha tu.

Kwa upande wa mwangwi, vitu laini husaidia kweli, ila unene ndio unaoamua. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo mtetemo wa mara 100 kwa sekunde, ambao ni wa kawaida katika sauti ya mwanamume, una wimbi lenye urefu wa mita 3.4. Sponji ya sentimita 2 italiweza wapi? Hufyonza sauti kali tu, kama zile za herufi s, na kuiacha besi ikizunguka, ndiyo maana rekodi nyingi za vibandani husikika kana kwamba msemaji yumo ndani ya pipa. Godoro kuukuu lililosimamishwa nyuma ya msemaji, au mablanketi mazito yaliyotundikwa mbali kidogo na ukuta, hufanya kazi vizuri zaidi. Na kwa kuwa tuko katika mkoa wa mkonge, seremala yeyote wa mtaani anaweza kuunda fremu ya kina cha sentimita 10, ikajazwa singa zilizochambuliwa na kufunikwa kitambaa kinachopitisha hewa.

Linalonitia hofu zaidi ni moto. Mwaka 2003, katika ukumbi mmoja wa muziki jimboni Rhode Island, Marekani, cheche za fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele, na watu 100 wakapoteza maisha. Mwaka 2013 watu 242 walikufa kwa namna hiyohiyo huko Santa Maria, Brazil. Sponji ya kawaida huwaka upesi na moshi wake ni sumu. Mkonge nao huwaka, kwa hiyo nyaya za umeme zikae mbali na vyote viwili, mlango ufungukie nje, na komeo la ndani lisiwepo.

Naliomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linapotoa elimu mitaani, liviangalie na vibanda hivi. Wenye nyumba nao wana haki ya kuuliza mpangaji anabandika nini ukutani.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga