Uadilifu wa kitaaluma unaanzia kwenye daftari

Mhariri,

Kila muhula ukikaribia kuisha nasikia swali lile lile mabwenini na maktabani: "Yako imetoka asilimia ngapi?" Ni asilimia ya mfanano, yaani kiasi ambacho programu ya kompyuta imekuta kazi yako inafanana na maandishi ya wengine. Anayejibu kumi na mbili anapongezwa. Anayejibu arobaini anakesha akibadilisha maneno. Nimewahi kukaa karibu na mmoja. Sentensi ya mtafiti ilisema mvua chache zilipunguza mavuno; yeye akaandika manyunyu haba yalishusha mapato. Asilimia ikashuka. Maana ikaharibika, kwani mavuno si mapato, na wazo likabaki la mtafiti yule yule, ambaye jina lake halikutajwa popote.

Turnitin na programu za aina hiyo hulinganisha maandishi yako na yale yaliyomo kwenye hazina yao, basi. Nukuu uliyoifungia alama na kumtaja mwenyewe yaweza kuhesabiwa kuwa mfanano, ilhali wazo lililoibwa na kuvishwa maneno mapya likapita. Inaniuma kwamba tunafundishwa kuiogopa asilimia kabla hatujafundishwa kuandika notsi.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka wa kwanza nilinakili aya nzuri kwenye daftari bila alama za nukuu wala namba ya ukurasa. Wiki tatu baadaye nikaisoma nikadhani ni yangu, nikaiingiza kwenye insha. Mhadhiri aliniita, akaweka kitabu mezani kando ya insha yangu, akanyamaza. Nilipata sifuri, na niliistahili. Tangu siku ile kila ninachonakili nakiandika kwa wino mwekundu, namba ya ukurasa pembeni. Maneno yangu ni ya bluu. Nikitaka kueleza hoja ya mtu, nafunga kitabu kwanza.

Wapo watakaosema hayo ni makosa ya wanafunzi wachanga. Mwaka 2011 Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alipobanwa kuhusu maneno ya wengine aliyoyatumia bila kuwataja katika tasnifu yake ya udaktari, alijitetea kwamba katika miaka mingi ya kuiandika vyanzo vilimchanganya. Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua shahada, akajiuzulu Machi mwaka huo; baadaye kamati ya chuo ikahitimisha kwamba alidanganya kwa makusudi. Mimi nilichanganyikiwa kweli, lakini mhadhiri wangu angejuaje? Daftari ndilo lingenitetea, nalo halikuwa na la kusema.

Sasa zimekuja programu za akili mnemba, ambazo huweza kukuandikia hata marejeo ya vitabu visivyokuwapo. Hapo ndipo notsi zinapohitajika zaidi.

Nawaomba wahadhiri: wiki ya kwanza ya muhula, kabla ya kututajia adhabu, kagueni madaftari yetu. Na kazi zikishakusanywa, mwiteni mwanafunzi kwa dakika kumi aeleze kwa mdomo alivyoifikia hoja yake. Waiteni na wale wenye asilimia ndogo.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu